Kila Kipande na Mahali Pake

Dereva anapobadilisha gia, mkono wake husikia mguso mdogo tu, kisha safari huendelea. Chini ya sakafu ya gari, ndani ya giaboksi, katika muda huo mfupi limetokea jambo kubwa. Vyuma viwili vilivyokuwa vikizunguka kwa kasi tofauti vimesawazishwa, vimefungwa pamoja, na nguvu yote ya injini imehamia njia nyingine. Kazi hiyo hufanyika juu ya meni shafti, chuma kirefu kinachopokea nguvu kutoka kwenye gia na kuipeleka nyuma kwenye propela, hadi kwenye difu na magurudumu.

Nimekaa pembeni ya meza ya fundi mmoja wa Matwebe, kata ya wilaya ya Rungwe, nikimtazama akiivua shafti hiyo kipande baada ya kipande mpaka ikabaki fimbo tupu, kisha akaivisha upya. Nimetoka pale na imani moja. Watu humsifu fundi kwa nguvu za mkono na kwa wingi wa spana, lakini meni shafti hufunguliwa na kufungwa kwa ujuzi wa aina nyingine: kujua kwa nini kila kipande kipo, kiasi kwamba mahali pake na upande wake vinajulikana bila kubahatisha. Ni kazi yenye akili nyingi, na kwa kuwa hufanyika gizani ndani ya boksi, mwenye gari hapati kuiona.

Ukitaka kujua kwa nini ufundi huu una uzito mkubwa huku, anza na barabara. Barabara kuu kutoka Uyole hupanda kwenye baridi ya Isongole, hupita ubavuni mwa Mlima Rungwe wenye urefu wa karibu mita 2,960, hushuka Kiwira na Tukuyu, halafu huendelea kushuka mpaka Kyela na mpakani Kasumulu. Huko chini Ziwa Nyasa liko kwenye kimo kisichofika mita 500 juu ya usawa wa bahari. Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na ukiacha lami, njia za vijijini ni udongo wa volkano unaogeuka tope kwa miezi mingi. Juu ya njia hizo hupita mikungu ya ndizi, magunia ya viazi, maparachichi, maziwa, na majani mabichi ya chai ambayo lazima yafike kiwandani siku ile ile yalipochumwa. Mzigo wote huo ama unapanda ama unashuka. Tambarare ni fupi.

Gari la nchi ya namna hii halitulii kwenye gia moja. Likipanda, dereva hurudi namba tatu, namba mbili, wakati mwingine moja. Likishuka na mzigo, dereva mwenye akili hategemei breki peke yake, maana breki zikichemka hupoteza nguvu. Huingiza gia ndogo, akaachia mafuta, akaiacha injini ilizuie gari. Wakati huo magurudumu ndiyo yanayoisukuma injini, na msukumo wote unapita kwenye meni shafti kinyumenyume.

Pikapu niliyoikuta kwa fundi ilikuwa na ugonjwa unaojulikana sana huku: gia namba tatu inachomoka. Fundi hakugusa spana. Alimuuliza dereva swali moja: "Inachomoka ukikanyaga mafuta, au ukiachia?"

"Nikiachia, fundi. Nikipanda haina neno kabisa. Nikianza kushuka ndiyo inaruka, nabaki huru."

Kubaki huru, yaani gari likiwa halina gia mteremkoni na mzigo mgongoni, ni neno ambalo dereva yeyote wa Rungwe hulisema kwa sauti tofauti. Lakini jibu lile lilikuwa limempa fundi nusu ya kazi. Meno ya gia hizi yamekatwa mshazari ili yasipige kelele. Kwa sababu ya mshazari huo, gia inapobeba nguvu haitosheki na kuzunguka tu, hujisukuma pia kwenda mbele au nyuma kwenye shafti. Ukikanyaga mafuta inaegemea upande mmoja, ukiachia inahamia upande wa pili. Gia inayoruka wakati wa kuachia inasema kwamba kuna kitu kimelika upande wa kushukia. Fundi alikwishajua aangalie wapi kabla boksi halijateremshwa.

Kabla ya kufungua chochote giaboksi iliogeshwa nje, kwa sababu mchanga mmoja ukiingia ndani unaharibu kazi yote. Oili ilimwagwa kwenye karai safi, na fundi akaitazama kwa muda mrefu akiielekeza kwenye mwanga. Mng'ao wa dhahabu ndani yake ni unga wa shaba uliotoka kwenye ringi za sinkro, ambazo nitazieleza mbele. Vipande vyeusi vinavyonaswa na sumaku ni chuma cha meno au cha beringi. Safari hii dhahabu ilikuwa nyingi na chuma kilikuwa kidogo. Kijana wake alichukua kipande cha boksi la katoni, akatoboa matundu kwa kufuata umbo la ganda la giaboksi, na kila bolti iliyotoka ikachomekwa kwenye tundu lake, kwani bolti hizo hazina urefu mmoja.

Giaboksi ya pikapu hii ya Toyota imejengwa kwa namna inayompendeza mtu anayependa utaratibu. Katikati kuna sahani nene ya aluminiamu, na shafti zote zimening'inia juu yake, zikitokeza mbele na nyuma. Ukishaondoa ganda la mbele na la nyuma, mashine nzima inabaki wazi mbele ya macho. Fundi hakuibana sahani yenyewe kwenye vaisi, maana aluminiamu hupondeka. Alifunga bolti mbili ndefu kwenye matundu yake, akabana hizo bolti. Kisha akatoa vizibo vya pembeni, na kutoka kila tundu ikaja springi ndogo na gololi. Hizi ndizo zinazoishikilia leva isihame yenyewe. Alizipima springi kwa kuzisimamisha pamoja mezani, akaona zote zina kimo kimoja.

Hapo akafanya jambo ambalo mafundi wenye haraka huliruka. Shafti ikiwa bado haijavuliwa, alichukua fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, akaingiza ubavuni mwa kila gia. Kila gia inayoelea kwenye shafti lazima iwe na upenyo kidogo wa kusogea mbele na nyuma, la sivyo oili haipiti na chuma kinaungua. Kwenye giaboksi za aina hii upenyo huo ni kati ya milimita 0.10 na 0.25. Gia ya kwanza na ya pili zilikuwa ndani ya kipimo. Ya tatu ilipita. Kijana aliandika namba hizo kwa chaki kwenye ubao wa meza. Kipimo cha kabla ya kufungua hakipatikani tena baada ya kufungua, na ndiyo maana mahali pake ni mwanzo.

Sasa shafti ikaja mezani, juu ya gunia safi. Kwa mbali ni mzigo mmoja wa meno. Kwa karibu ni vipande vingi vilivyovishwa kwenye chuma kimoja kama shanga kwenye uzi, na kama ilivyo kwa shanga, huwezi kuifikia ya katikati bila kuzitoa za mwisho. Kwanza ikatoka klipu ya duara ya mbele, pete ya chuma yenye mdomo wazi inayokaa kwenye mfereji wake. Ikafuata habu ya gia ya tatu na ya nne pamoja na slivu yake, halafu ringi ya shaba, halafu gia ya tatu yenyewe na beringi yake ya sindano. Kwa upande wa nyuma ikatoka beringi kubwa, gia ya kwanza, ringi yake, habu ya moja na mbili, mwisho gia ya pili.

Vipande vilivyobana havikupigwa nyundo. Gereji ina presi iliyochomelewa kwa vyuma vya chaneli, na katikati yake inakaa jeki ya mafuta ya lori. Fundi aliiweka shafti wima, akategemeza gia kwa vyuma viwili vilivyo sawa, akapampu polepole huku mkono wa pili ukiwa chini kuipokea shafti. Chuma kililalamika mara moja, kikaachia. Kila kilichotoka kililazwa kwenye gunia kwa mfuatano wake, uso wa mbele ukielekea kushoto. Hakuna kipande kilichowekwa chali kwa bahati mbaya.

Katikati ya kazi hiyo alisimama, akaita kijana aje aone. Chini ya bushi inayobeba gia ya kwanza, ndani ya kishimo kidogo cha shafti, ilikuwamo gololi moja ndogo kuliko punje ya hindi. Kazi yake ni kuizuia bushi ile isizunguke. Ikipotea kwenye matope ya uwanja, shafti bado inafungika, boksi linafungika, gari linatembea, na baada ya muda bushi inaanza kujizungusha na kuila shafti. Fundi aliichukua kwa sumaku, akaiweka ndani ya kifuniko cha chupa, akakifunika kwa kingine.

Moyo wa shafti hii ni sinkro, na yafaa kueleza inavyofanya kazi, kwa sababu ndiyo inayomwezesha mtu wa kawaida kuendesha gari. Gia za mbele zote zimeumana na gia za shafti ya chini muda wote. Zinazunguka bila kuacha, lakini zinaelea kwenye beringi za sindano na haziizungushi meni shafti mpaka zifungwe nayo. Kinachozifunga ni slivu, pete pana yenye meno kwa ndani inayoteleza juu ya habu. Habu imeshikamana na shafti, slivu imeshikamana na habu, na slivu ikisogea ikashika meno madogo ya ubavuni mwa gia, gia na shafti zinakuwa kitu kimoja.

Taabu ni kwamba kabla ya kushikana, gia na slivu zina kasi tofauti. Katika magari ya mwanzo, tangu Panhard et Levassor walipoweka gia za kuteleza miaka ya 1890, dereva alilazimika kukanyaga klachi mara mbili na kukisia mizunguko kwa sikio, na akikosea meno yalisagana. Mwaka 1928 Cadillac ilitoa gari lenye sinkro, uvumbuzi wa Mmarekani Earl Thompson. Katika giaboksi kama hii, kati ya slivu na gia huwekwa ringi ya shaba yenye umbo la koni kwa ndani. Slivu inapoanza kusogea, vifunguo vitatu vidogo huisukuma ringi iikumbatie koni ya gia. Msuguano huiongeza au kuipunguza gia kasi, na wakati kasi bado hazijalingana, meno ya ringi hukaa njiani na kuizuia slivu isipite. Kasi zikilingana, ringi hulegea, hujigeuza kidogo, na slivu hupita. Ule mguso mdogo anaousikia dereva mkononi ni mlango huo ukifunguka.

Fundi alizipima ringi kwa njia mbili. Kwanza aliibandika kila moja kwenye koni ya gia yake, akaikandamiza kwa kidole gumba huku akijaribu kuizungusha. Ringi nzima hushika mara moja kama iliyobandikwa. Iliyokufa huteleza, kwa sababu mistari myembamba iliyochongwa ndani yake ya kukata oili imelika ikawa laini. Pili alipima kwa fila geji nafasi inayobaki kati ya mgongo wa ringi na gia. Vitabu vya giaboksi kadhaa za Toyota vinasema ringi mpya huacha milimita 1 hadi 2, na ikishuka chini ya 0.8 itupwe. Ringi ya tatu haikufika hata 0.5. Ya pili ilikuwa mpakani. Za moja na nne zilikuwa bado na maisha.

Baada ya kuviosha vipande kwa dizeli na brashi, akavikausha kwa upepo wa kompresa na kuanza kusoma meno. Hapa ndipo nilipomheshimu zaidi. Kila jino dogo la ubavuni mwa gia lina nyuso mbili: uso unaobeba gari likipanda, na uso unaobeba gari likishuka. Meno haya yanapotoka kiwandani huchongwa yakiwa yamebana kidogo upande wa ndani, ili slivu ikishavutwa na nguvu ijikaze yenyewe isitoke. Kwenye gia ya tatu ya pikapu ile, nyuso za kupandia zilikuwa bado kali. Za kushukia zilikuwa zimeviringika na kung'aa, ule mwinuko wa kujikaza umefutika. Slivu nayo, kwa ndani, ilikuwa na alama zile zile zinazolingana na meno ya gia. Miteremko yote ya miaka iliyopita ilikuwa imeandikwa pale, na yeye alikuwa akiisoma kwa ncha ya kucha.

Mtu mwingine angeishia hapo, akanunua gia. Fundi aliendelea kuuliza: meno yalianza kulika kwa nini? Akaichukua foku, ule mkono wa chuma unaoisukuma slivu, akaiingiza kwenye mfereji wa slivu na kuitikisa. Ilicheza. Ncha zake zilikuwa zimelika upande mmoja. Foku iliyolika haifikishi slivu mwisho wa safari yake, kwa hiyo meno yanashikana nusu, na meno yaliyoshikana nusu hulika haraka. Alimgeukia dereva akamuuliza kwa upole kama huwa anapumzisha mkono juu ya leva anapoendesha. Dereva akakubali. Uzito wa mkono huo, saa nyingi kila siku, huibana foku kwenye slivu inayozunguka. Ni somo ambalo kila mwenye gari la gia za mkono angelichukua bure: ukishaingiza gia, rudisha mkono kwenye usukani.

Kulikuwa na njia ya mkato, na dereva, akiwaza fedha, aliitaja. Wapo wanaoigeuza slivu, upande wa gia ya tatu ukaenda ya nne, ili meno mazima yaangalie ugonjwa. Fundi alimjibu bila kumkejeli. Alimwonyesha kwamba upande uliolika utahamia kwenye gia ya nne, na gia ya nne ndiyo inayounganisha injini na meni shafti moja kwa moja, gia ya safari ndefu. "Tutakuwa tumehamisha ugonjwa, kaka. Hatujautibu." Basi ikaandikwa orodha: gia ya tatu, habu na slivu yake zikiwa pamoja kwa kuwa huuzwa na kulika kama jozi, ringi mbili, foku moja, beringi ya nyuma, sili za oili na klipu za duara. Vya kupatikana Mbeya mjini vikafuatwa Mbeya. Visivyopatikana vikaagizwa Dar es Salaam vije kwa basi. Dereva alipewa vipande vya zamani aende navyo, ili dukani ahesabu meno na kulinganisha upana, asirudi na kinachofanana kwa mbali.

Kurudishia ndiko kunakopambanua mafundi. Kufungua kunasaidiwa na kitu chenyewe, kwa kuwa kipande cha nje hutoka kwanza utake usitake. Kufunga hakuna msaada huo. Habu nyingi zinaingia pande zote mbili, na upande mmoja tu ndio sahihi. Ringi mbili zinazofanana kwa jicho zinaweza kutofautiana kwa idadi ya mikato. Hakuna kinachopiga kelele ukikosea, mpaka siku ya safari.

Alianza na habu na slivu akiwa ameketi, miguu imetulia. Vifunguo vitatu vikaingia kwenye mikato yake, kisha springi mbili za duara, moja kila upande, kuvisukuma vifunguo nje. Midomo ya springi hizo haikuachwa ielekeane kwenye kifunguo kimoja, maana kifunguo kile kingekosa nguvu pande zote mbili na ringi ingekuwa inasukumwa kombo. Aliisogeza slivu mbele na nyuma kwa vidole, akasikia inatulia katikati yenyewe. Akampa kijana naye aisikie.

Kisha gia ya pili ikavishwa na beringi yake ikiwa imelowa oili ya gia, ikafuata ringi, ikafuata habu. Habu inaingia kwa presi, na hapa pana hatari iliyojificha. Mikato mitatu ya ringi lazima ikabiliane na vifunguo vitatu wakati habu inashuka. Ikipishana kidogo, presi haijui huruma, na ringi mpya ya shaba inapondwa kabla haijafanya kazi hata dakika moja. Kijana alipampu jeki. Fundi aliinama macho yakiwa usawa wa shafti, vidole viwili vikiizungusha ringi kwa unyenyekevu mkubwa, akisema, "Ongeza. Ngoja. Ongeza." Kila baada ya pampu chache aliizungusha gia ya pili kuhakikisha bado iko huru. Habu ilipofika chini, akapima upenyo: 0.15. Akaiandika chini ya namba ya zamani.

Gololi ndogo ikatolewa kwenye kifuniko cha chupa, ikapakwa grisi ili isiruke, ikawekwa kwenye kishimo chake. Bushi ya gia ya kwanza ina mkato wa kuipokea, na fundi aliweka alama ya chaki kwenye mkato huo ili aione njia hata ikishafunikwa na gia. Bushi ilishuka, ikakaa. Beringi ya nyuma ikaingizwa kwa bomba linalosukuma duara la ndani peke yake. Ukisukuma duara la nje, nguvu inapita kwenye gololi za beringi na kuzitia makovu, na beringi mpya inaanza kuunguruma tangu siku ya kwanza.

Upande wa mbele ikaja gia ya tatu mpya, ringi mpya, habu na slivu mpya, mwisho klipu ya duara. Hata klipu ina hesabu yake. Toyota huzitoa kwa unene mbalimbali, zikipishana karibu milimita 0.05 na kutambulishwa kwa herufi, na fundi huchagua ile nene kuliko zote itakayoingia kwenye mfereji ili habu isiachiwe nafasi ya kutembea. Alijaribu ya kwanza, ikaingia kirahisi mno. Ya pili ikagoma. Ya tatu ikaingia kwa kubana, ikalia "tak" kwenye mfereji wake. Akapima gia ya tatu: 0.20. Namba ikaandikwa, na kwenye ubao sasa zilikuwapo safu mbili ambazo hata mimi nisiye fundi niliweza kuzisoma.

Shafti zote ziliporudi kwenye sahani ya kati, kabla ya maganda kufungwa, alifanya majaribio ya mkono. Leva ikiwa huru, alizungusha shafti ya kuingilia, na meni shafti ikatulia. Akaingiza gia ya kwanza na kuhesabu: karibu mizunguko minne huku kwa mmoja kule. Akapanda moja moja, hesabu ikipungua, mpaka ya nne ambapo shafti mbili huzunguka pamoja. Akaingiza ya nyuma, mwelekeo ukageuka. Halafu, kwenye gia ya tatu, akashikilia upande wa nyuma na kuuzungusha yeye, kama magurudumu yanavyofanya mteremkoni, huku kijana akiuzuia upande wa mbele. Slivu haikusogea. Oili aliyoweka ni ya daraja la GL-4, kwa kuwa dawa za salfa zilizo kwenye baadhi ya oili kali zaidi huweza kuila shaba ya ringi.

Gari lilijaribiwa likiwa na mzigo, kwa sababu gia hii haikuwahi kuruka gari likiwa tupu. Kwenye mteremko dereva aliingiza namba tatu, akaachia mafuta, na mkono wake ukabaki kwenye usukani. Walirudia mara kadhaa, wakikanyaga na kuachia ghafla, kuifanya gia ihame upande huu na upande ule. Ilishika. "Ndaga fijo, fundi," dereva alisema waliporudi, yaani asante sana, na fundi akamwagiza arudi baada ya muda oili ibadilishwe, kwani ringi mpya humwaga unga kidogo zinapozoea koni zake.

Kijana aliyekuwa akipampu jeki hajapita chuo chochote. Anajifunza kama wengi walivyojifunza, kwa kusimama karibu, kushika taa, kuosha vipande, halafu siku moja kuachiwa spana. Chini ya meza kuna shafti mbovu ambayo fundi huiweka kwa ajili yake. Kazi zikipungua humwambia aivue yote na kuivisha, kisha humwuliza juu ya kila kipande: kinafanya nini, kikikosekana gari litaugua nini, kwa nini uso huu umetazama nyuma. Jibu la "ndivyo kilivyokuwa" halipokelewi. Nchi yetu ina njia ya kuwatambua vijana wa namna hii. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima na kuwapa vyeti watu waliopata ujuzi wao kazini nje ya darasa, na kijana anayeweza kueleza kazi ya gololi moja iliyofichwa chini ya bushi anastahili cheti hicho kifike mpaka Matwebe.

Sisi wengine tunaopanda magari hayo tuna wajibu mdogo zaidi. Saa nyingi zaidi katika kazi niliyoiona zilitumika kupima, kuosha na kujaribu, wakati ambapo kwa mtu anayepita fundi huonekana kama hafanyi kitu. Ndizo saa ambazo matajiri wa magari hupenda kuzikata kwenye bei. Kwenye barabara za Rungwe, gia ni sehemu ya breki, na gari lililojaa abiria au mikungu ya ndizi hushuka salama kwa sababu mtu fulani alikataa kufunga boksi kabla namba hazijakaa sawa. Fundi wa namna hiyo alipwe saa zake zote, na za kupima zihesabiwe kwanza.